Siku Nne Unguja, Bila Ufukwe

Saa tatu na nusu asubuhi Shija alikuwa ameshauzunguka ukumbi wa kanisa mara nne. Mzunguko wa kwanza alijifanya anatafuta choo. Wa pili alijifanya anaongea na simu. Wa tatu na wa nne hakujifanya chochote, maana hapakuwa na wa kumtazama zaidi ya kuku wa mchungaji, na kuku wale walikuwa na shughuli zao. Akina mama wa Igawilo walimwambia saa tatu kamili, na hilo neno kamili alilitamka mwenyekiti wao mwenyewe, Mama Yunisi.

Alikagua tena mkoba wake. Karatasi za manila zilikuwemo, zimekunjwa na kufungwa kwa uzi wa sufu. Kalamu za wino mzito zilikuwemo, nyekundu, bluu na nyeusi. Fomu ya chuo ilikuwemo, ndani ya bahasha, ndani ya daftari, ndani ya mfuko wa nailoni, isije ikanyeshewa mwezi Juni ambao Mbeya mvua hainyeshi.

Fomu hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Chuoni kwao Iringa, alikokuwa akisomea kuongoza watalii, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kupanga safari moja ya kweli, apate watu wa kweli wa kwenda, na watu hao waweke sahihi. Mwalimu Sosthenes alikuwa anafunga daftari la alama kesho, Ijumaa, saa kumi jioni. Asiye na sahihi anarudia mwaka. Na kwao Shija, kule Usangu, mwaka wa kurudia haukuwepo. Nyuma yake kulikuwa na wadogo zake watatu, kila mmoja akingoja zamu yake ya shule.

Wiki iliyopita alikuja hapahapa na picha za fukwe za Unguja. Mchanga mweupe, maji ya rangi ya chupa, vitanda vya kulalia juani. Picha zilizunguka mkono hadi mkono zikarudi mbio kuliko zilivyokwenda.

"Binti," alisema Mama Marta, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, "mimi nina wakwe wanne. Nikavue nguo mbele ya bahari, habari zifike Igawilo kabla sijakauka?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini hawakumfukuza. Unguja walitaka kuiona, walisema, ila si kwa kulala mchangani kama kenge. Arudi na mambo mengine. Ndiyo hayo aliyokuja nayo leo, siku nne nzima zisizo na ufukwe. Aliyaokota kwenye kitabu cha chuo, kwenye ramani, na kwa rafiki yake Joyness, waliyesoma naye darasa moja, ambaye wakati huo alikuwa Unguja kwa mafunzo ya vitendo. Yeye mwenyewe Shija hakuwahi kuiona bahari.

Saa nne na dakika arobaini akina mama wakaanza kuingia, wawili wawili, watatu watatu, vitenge vimefungwa juu ya vitenge kwa ajili ya baridi. Wengine walikuwa na ndoo za viazi kichwani. Wakazipanga barazani, wakapangusa miguu, wakaingia, na salamu zikaanza. Ukiwa mgeni Igawilo usidhani salamu ni jambo la kupita tu. Waliulizana habari za mahindi yaliyobaki shambani, za mgonjwa wa Mama Aroni, za mbuzi aliyepotea na kuonekana. Wakasali. Katibu akasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, mstari kwa mstari, pamoja na majina ya waliotoa udhuru.

Shija alikaa mwisho wa benchi. Mama mmoja jirani yake akamwekea kiganja gotini, taratibu.

"Mwanangu, benchi linatetemeka."

"Samahani, Mama."

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Ni mguu tu."

Hatimaye Mama Yunisi akamwita mbele. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kuiva, mzito, mwenye kope za usingizi na masikio yasiyolala. Shija akasimama, akabandika manila ya kwanza ukutani, ikadondoka, akaibandika tena.

"Mwangaluka, Msukuma!" akaita Mama Marta kutoka nyuma, kwa salamu ya Kisukuma. "Leo umetuletea bahari au ng'ombe?"

"Leo nimewaletea mji, Mama. Shikamooni wote."

"Marahaba!"

Akaanza. Siku ya kwanza, Mji Mkongwe. Vichochoro vyembamba, nyumba za kale, na ile milango mikubwa ya mbao iliyochongwa maua na minyororo, yenye vichwa vya shaba vilivyochongoka. Mtatembea mlango hadi mlango mkiitazama.

Mkono ukanyooshwa. "Milango ya nani?"

"Ya nyumba za watu, Mama."

"Sasa tusimame mlangoni kwa mtu, tutazame mlango, tusibishe hodi. Mwenye nyumba akitoka, tumwambieje?"

"Wamezoea, Mama."

"Wamezoea wao. Sisi hatujazoea."

Shija akaruka siku ya pili, akaenda ya tatu. Msitu wa Jozani. Kuna kima wa huko ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, kima punju, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani.

"Wanakula nini?" aliuliza Mama Marta.

"Majani. Na matunda machanga."

"Mahindi?"

"Hapana, Mama."

"Hao bado hawajaletewa mahindi. Mimi nimekesha na nyani shambani miaka thelathini, nikiwafukuza kwa debe. Leo nisafiri siku mbili nikawatazame kima, tena nitabasamu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shija naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayetazama saa. Saa sita kasoro. Akabandika siku ya nne: kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, waliozidi umri wa miaka mia. Hapo angalau bibi mmoja mdogo wa umbo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema yeye kobe huyo anamtaka, kiumbe aliyeishi miaka yote hiyo anataka kumwona usoni. Shija akamshukuru moyoni kama aliyetupiwa kamba. Akarudi siku ya pili, aliyoiweka akiba kwa sababu aliiamini kuliko zote: shamba la viungo. Hawa ni wakulima, alijiambia usiku kucha. Shamba watalipenda.

Akawaeleza vizuri. Karafuu mtini, mdalasini unaobanduliwa gome, iliki inayozaa chini kwenye shina, pilipili manga inayopanda juu ya miti ya watu. Mtashika, mtanusa, mtaonja.

Mama Yunisi akafungua kope. "Shamba la nani?"

"La viungo, Mama."

"Nimesikia. La nani?"

"Ni... ni shamba wanalopelekwa wageni."

"Mwenyewe anaitwa nani?"

Shija akatazama manila yake kana kwamba jina lingejitokeza pale, kati ya mdalasini na iliki. Halikujitokeza.

"Sijui, Mama."

"Hujui," alisema Mama Yunisi, bila ukali. "Unatupeleka watu ishirini na wawili kwenye shamba la mtu usiyemjua jina. Tumbandulie miti yake, tumchumie iliki yake, tutafune, tuondoke. Hapa Igawilo ukifanya hivyo tunakuitia mgambo."

Hakuna aliyecheka. Mama Marta akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama Shija kama anayepima kuku kabla ya kumshika.

"Hebu nikuulize, binti. Wewe huko umewahi kufika?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha shangazi yake, kule Uyole alikofikia: nilikwenda mwaka juzi na chuo. Lilifika mpaka kwenye meno. Halafu akaona mama yule wa benchi, aliyemshika goti, anamsubiri kwa uso mzima.

"Sijawahi," akasema. "Hata bahari sijawahi kuiona."

Mama Yunisi akafunga daftari la kikao. "Asante kwa kusema. Tutakujibu wiki ijayo, mwanangu. Sasa chai."

"Mama, wiki ijayo nitakuwa nimechelewa. Ni kesho. Nisipopeleka sahihi kesho narudia mwaka, na kurudia siwezi."

"Basi tukinywa chai tutafikiri," alisema Mama Yunisi, akatoka.

Shija hakunywa chai. Alitoka uani akampigia Joyness. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu Joyness akapokea kwa mnong'ono, yuko katikati ya wageni, atapiga baadaye.

"Baadaye lini? Nataka jina tu! Mwenye lile shamba ni nani?"

"Mwenye shamba? Mbona hilo sijawahi kuulizwa? Subiri."

Na simu ikakatika.

Subiri. Shija alitembea hadi kwenye bomba la maji, akarudi. Alisoma tangazo la ubarikio mlangoni mara mbili. Barazani akina mama walikuwa wameketi na vikombe vya bati, ndoo zao za viazi zimemwagwa kwenye magunia. Vilikuwa viazi vya mbegu kwa ajili ya shamba la umoja wao, na vilitakiwa kuchaguliwa. Mikono ya Shija ilikataa kutulia. Akachuchumaa pembeni kwenye gunia lisilo na mtu, akaanza kuchagua naye, haraka haraka. Vizuri huku, vibaya kule. Vilaini vilivyonyong'onyea na kuota vipele, kule. Vigumu vinavyong'aa, huku. Akajaza debe zima, akaanza la pili, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia afadhali.

"Wewe!" Mama Marta alikuwa amesimama juu yake, kikombe mkononi. "Hivi umevitupia kwenye debe la nini?"

"Vimeharibika, Mama. Nimevitenga vya kupewa ng'ombe."

Mama Marta akapiga yowe ambalo kuku wa mchungaji walilikimbia. "Njooni muone! Mbegu zote zilizochipua anazipeleka kwa ng'ombe! Msukuma huyu, kila anachokiona duniani ni chakula cha ng'ombe!"

"Na ninyi, Mama, ng'ombe akilia njaa mnadhani anaimba kwaya," alijibu Shija kabla hajajizuia.

Mama Marta akacheka yeye wa kwanza, hata chai ikamwagika. Akachuchumaa, akachukua kiazi kimoja kutoka debe la Shija, akakigeuza kwenye mwanga. "Tazama. Hiki kimechipua kifupi na kinene. Hiki ndicho cha kupanda. Kile chako kigumu kinachong'aa bado kimelala, ukikipanda leo utakiimbia kiamke mpaka Oktoba. Shika hivi. Usikivunje jicho."

Shija akamwaga madebe mawili, akaanza upya, polepole. Mama Yunisi alikuwa akiwatazama kutoka kwenye kigoda chake.

"Ndiyo maana nilikuuliza shamba la nani," alisema. "Huyo mtu naye ana vitu vyake. Sisi tutavikanyaga tukidhani ni magugu."

Ilikuwa karibu saa nane simu ilipoita. Shija aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mwenyewe huyu hapa," ilisema sauti ya Joyness. "Anaitwa Bi Mize. Mimi nina wageni, ongea naye."

Ikafuata sauti ya mama mtu mzima, ya taratibu. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Shija akaweka spika, akaishika simu mbele yake kwa mikono miwili. "Shikamoo, Bi Mize. Naitwa Shija, niko Mbeya."

"Marahaba, mwanangu. Mbeya, kule kwenye baridi? Mbona nasikia watu wengi? Kuna harusi?"

Baraza lote likacheka. Mama Yunisi akanyoosha mkono, akapewa simu, akaisogeza karibu na mdomo kama kikombe cha uji.

"Hodi, mwenye shamba."

"Ati?"

"Nasema hodi. Tuko wanawake ishirini na wawili wa Igawilo. Tumeambiwa tuje tulitembelee shamba lako. Hatukujui, hutujui. Ndiyo tunabisha."

Bi Mize akavuta pumzi ndefu.

"Mwanangu wee! Mwaka wa tisa huu watu wapita shambani kwangu kila asubuhi. Wanusa, wapiga picha, wenda zao. Mie nipo hapa nyuma, jikoni, wala hapana aliyeuliza mwenyewe ni nani. Karibuni. Lakini nambieni kweli: mwaja kunusa, au mwaja kwangu?"

"Tunakuja kwako," alisema Mama Yunisi.

"Basi msije kukaa saa moja tu. Njooni mwezi wa nane, karafuu zikishushwa mitini. Jioni twakaa jamvini twazichambua, karafuu huku, vikonyo huku. Mtakaa nasi. Kazi yenyewe haitaki nguvu, yataka midomo tu."

"Midomo tunayo!" aliita Mama Marta. "Na hiyo bahari, Bi Mize?"

"Ipo, haihami. Ntawapeleka kwa mdogo wangu alimaye mwani. Mtaingia maji ya magoti na nguo zenu zote, mfunge mbegu za mwani kwenye kamba. Hapana wa kuwavua."

Hapo vicheko vikachanganyika na maswali. Mwani unapaliliwa? Karafuu inakaa ardhini miaka mingapi kabla ya kuzaa? Shija alisimama katikati, simu imekwisha kupita mikono sita, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Saa nane na nusu. Aliitoa fomu kwenye nailoni, kwenye daftari, kwenye bahasha.

"Ila moja," ilisikika sauti ya Bi Mize. "Mchele wa Mbeya. Hapa sokoni kila muuzaji aapa wake watoka Mbeya, na ukiupika haunukii kitu. Nileteeni wa kweli."

Akina mama wakatazamana. Kule juu wao ni watu wa viazi na mahindi. Mchele unatoka bondeni, Usangu, kwao Shija. Macho ishirini na mawili ya kushoto na ishirini na mawili ya kulia yakamgeukia Shija.

"Nitauleta mimi," alisema, kabla hajajua atamwambiaje baba yake.

Kuandika upya safari kulichukua zaidi ya saa nzima. Kima walifutwa. Milango ilibaki, kwa sharti kwamba Bi Mize atafute nyumba moja wanayoweza kubisha hodi. Kobe alibaki kwa ajili ya bibi mdogo. Siku mbili nzima zikawa za Bi Mize na mdogo wake. Kisha Mama Yunisi akachukua kalamu, akaitazama fomu, akairudisha mezani.

"Andika hapo chini kwamba kiongozi wa safari hajawahi kufika Unguja."

Shija akaivuta fomu kwake. "Mama, Mwalimu akisoma hilo atanikata alama. Anaweza kuninyima kabisa."

"Anaweza. Lakini sisi tunalijua, na jina langu halikai chini ya karatasi inayoficha."

Aliandika. Baada ya hapo sahihi zikaanza, na kwa Shija huo ndio uliokuwa muda mrefu kuliko wote. Miwani ilikuwa moja kwa watu tisa. Kila mama aliivaa, akaifuta, akaandika majina yake matatu kwa herufi za kuunganisha, akaipuliza karatasi, akampa mwenzake.

Basi la alfajiri lilimfikisha Iringa saa saba na nusu mchana siku ya Ijumaa. Alipanda mlima kwenda chuoni kwa miguu, karibu mbio, vumbi la barabara kuu bado usoni. Mbele yake ofisini kulikuwa na wanafunzi watano. Clement, kijana wa meza ya mbele, alitoka akiwa na kitabu chake cha safari chenye jalada la kung'aa na picha za mawimbi, akitabasamu. Shija alikaa, akasimama, akakaa.

Mwalimu Sosthenes alisoma fomu yake kimya. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili.

"Kuchambua karafuu siku moja. Kufunga mwani siku nyingine. Shija, huu ni utalii au kibarua?"

"Wamechagua wenyewe, Mwalimu."

"Na hapa chini? Kiongozi hajawahi kufika. Nani amekuambia uandike hivi?"

"Mwenyekiti wao. Nilikataa kidogo, halafu nikaona ni kweli."

"Mgeni akikuuliza kitu huko njiani utamjibu nini?"

Kitabu cha chuo kilikuwa na jibu la swali hilo, na Shija alilijua kwa moyo: kiongozi haonyeshi kutojua mbele ya wageni. Akaliacha.

"Nitamwambia sijui, nitampeleka kwa anayejua. Kwa jina lake."

Mwalimu aligonga kalamu mezani. Alihesabu sahihi kwa ncha yake, moja hadi ishirini na mbili, akasimama kwenye ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, ya Mama Marta. Kisha akaandika hamsini na mbili. Ya kupita ilikuwa hamsini.

"Nimekukata kwa maelezo na nimekukata kwa mpangilio," alisema. "Umepita chupuchupu. Lakini umepita. Mwite anayefuata."

Shija alitoka nje. Alidhani atapiga kelele, au atakaa chini kwenye ngazi apumzike. Miguu haikukubali. Agosti ilikuwa mbali, mchele ulikuwa bado haujaombwa, na kulikuwa na bahari nzima huko mbele ambayo sasa alilazimika kuivuka mbele ya watu ishirini na wawili. Aliteremka mlima akitembea upesi bila kujua anakwenda wapi. Simu ikaita mfukoni.

"Msukuma!" Ilikuwa sauti ya Mama Marta, na nyuma yake mbuzi akilia. "Umepita?"

"Nimepita, Mama."

"Tulijua. Sasa sikiliza, nina swali, sijalala nalo. Huko kwa Bi Mize, majembe yapo ya kutosha au nibebe langu? Lake silijui mpini."

Shija akasimama katikati ya njia, watu wakampita kushoto na kulia.

"Sijui, Mama," alisema. "Ngoja nimuulize mwenyewe."